Kidole Tumbo Kilichotolewa Mara Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Kazini huitwa Breki.
Umri: miaka 34. Jinsia: mwanamke.
Kazi: mkaguzi wa vibali, kampuni ya bima ya afya.
Makazi: nyumba ya kupanga, nyuma ya soko la mbao.

Hospitali ikitaka kumpasua mwanachama wetu, huomba kibali kwetu kwanza. Mimi ndiye ninayekagua. Wenzangu wananitania kwamba hata gari la wagonjwa nikilinyooshea mkono litasimama. Sikatai. Mfuko wa bima ni chungu kimoja, na anayechota kwa hila anampandishia mchango mwenzake.

Mnamo tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, hospitali moja iliomba kibali cha kumtoa mwanamke kidole tumbo. Kompyuta yetu ilikataa papo hapo, kwa sababu mwanachama huyo alishatolewa kidole tumbo mwaka jana katika hospitali nyingine, na tulilipa. Binadamu anacho kimoja tu. Nilicheka, nikasema huyu leo kapatikana. Kisha nikasoma jina. Lilikuwa la mama yangu mdogo, aliyenilea tangu mama alipofariki, na ambaye mwaka jana hakulazwa popote.

Kwetu hatumkatalii mgonjwa kwa simu. Meneja alianzisha utaratibu kwamba ombi likitiliwa shaka, mmoja wetu aende mpaka kitandani. Nilikwenda mwenyewe.

Nilimkuta wodini amejikunja, midomo imekauka. Daktari alisema tangu kompyuta yetu imjibu hivyo, amesitisha upasuaji na ameagiza vipimo vingine.

"Kama kilishatolewa, basi natafuta kitu kingine," alisema. "Na sijui nina muda gani."

Alipotoka, mama mdogo alinishika mkono. Aliniambia kwamba aliyepasuliwa mwaka jana ni jirani yake, mshonaji wa mapazia, ambaye hana bima. Usiku ule jirani alikuwa anagaagaa sakafuni, naye mama mdogo akampa kadi yake kama mtu anavyompa jirani chumvi. Wala hakujua kwamba pamoja na kuazimisha kadi alikuwa ameazima na ugonjwa.

"Mwanangu, usiseme," aliniambia. "Watamfunga."

Mshonaji huyo namjua. Sare yangu ya kwanza ya shule aliishona yeye. Niliogopa, afande, na naomba liandikwe hivyo hivyo. Niliogopa nikinyamaza mama mdogo atanifia mkononi, na nikisema atanichukia akiwa hai. Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu kitanda cha pili, bila hata kututazama, alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui alisikia kiasi gani. Nilimfuata daktari ukumbini.

Nilimwambia: "Daktari, aliyepasuliwa mwaka jana si huyu. Kadi ilikuwa yake, tumbo lilikuwa la mtu mwingine."

Hakuuliza swali lolote; aliagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Nilimpigia meneja wangu nikamweleza yote, pamoja na kwamba mgonjwa ni mama yangu. Akasema wampasue kwanza, mengine baadaye. Hayo mengine ndiyo yaliyonileta hapa kituoni leo, kwa maana kampuni imefungua shauri kuhusu kadi hiyo.

Daktari alisema baadaye kwamba kidole tumbo kilikuwa kimeanza kutoboka. Jioni mama mdogo alipozinduka, hakuuliza kama amepona. Aliuliza kama nimewaambia. Nikasema ndiyo. Akageuza uso ukutani, na mpaka leo hajanisemesha.

Umeniuliza kama nitasimama mahakamani. Nikiitwa nitakuja, ingawa naogopa. Mshonaji yuko hapo nje kwenye benchi, kaja mwenyewe bila kukamatwa. Nilipokuwa naingia aliniuliza, "Mama anaendeleaje?" Nilimpita, nikaingia humu.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, bila kulazimishwa, nimesomewa na nimeyakubali kuwa ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi, akakubali. Baada ya kutia sahihi ameomba atokee mlango wa nyuma. Nimemjulisha kwamba kituo hiki kina mlango mmoja. Bado amekaa.