Goti la Salamu

Jumatatu, 3 Februari

Asubuhi ni ileile. Beseni la maji ya uvuguvugu, taulo sakafuni, kulikunja kwa vidole vya mguu mara thelathini. Kidole gumba hakitaki. Kimenyooka tu kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa.

Wiki ya saba sasa tangu wanitoe nundu kando ya kidole gumba cha mguu wa kulia na kuunyoosha mfupa kwa skrubu mbili. Nundu yenyewe urithi wa bibi yangu wa Kiriba. Yeye alizeeka nayo peku. Mimi nikaivalisha viatu vyembamba vya ualimu, ikakasirika.

Masharti ya daktari: nikikaa, mguu uwe juu. Kidole kisikunjwe kwa nguvu. Kukimbia, mpaka miezi mitatu itimie. Tarehe kumi Mei walimu wa Musoma tunacheza netiboli na walimu wa Bunda. Nimehesabu wiki mara nne. Zinatosha.

Jumatano, 12 Februari

Nimerudi kazini. Watoto wa darasa la tano wananiangalia miguu, si ubao. Nimevaa raba za mume wangu, Magesa. Pana, chafu, zinanifaa.

Jioni nimepita uwanjani. Kizibao changu cha senta, mchezaji wa katikati, amekivaa Rhobi. Mwalimu mpya, miaka ishirini na nne, anakimbia kama hana mapafu ya kuchosha. Nimempigia makofi. Ni mikono tu iliyokuwa inapiga. Nikaondoka kabla hawajamaliza.

Miaka kumi na moja nacheza senta. Sijui watu wa benchi mikono yao huwa wanaiweka wapi.

Ijumaa, 21 Februari

Baba mkwe amefika kutoka Butiama. Amekuja kliniki ya macho, atakaa siku nne. Magesa hakuniambia atafika saa ngapi. Nilikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili. Nikasikia kikohozi chake mlangoni.

Mguu ulishuka wenyewe. Nikaenda nikapiga goti kama nilivyompigia miaka tisa yote ya ndoa. Magoti yote mawili chini, vidole vimejikunja nyuma yangu, uzito wote juu yake. Kitu kikalia ndani ya mguu. Kidogo tu, kama njiti ya kiberiti. Yeye hana haraka na salamu. Akauliza watoto, shule, mvua, wazazi wangu Kiriba. Nikajibu moja moja, nikatabasamu.

Nimesonga ugali nimesimama mguu mmoja.

Jumamosi, 22 Februari

Umevimba. Kovu linang'aa. Magesa nimemwambia nilijikwaa bombani.

Ningemwambia nini? Kwamba nimeumia kwa kumsalimia baba yake? Mdomo wangu hauna maneno hayo. Asubuhi nimepiga goti tena. Jioni tena.

Mzee anashinda sebuleni na redio yake. Mkwe kuinua mguu mbele yake, hapana, haipo. Kila nusu saa najifanya nafuata kitu chumbani, nauegemeza mguu ukutani dakika tano, narudi. Ameniuliza kama nina tumbo la kuendesha.

Jumanne, 25 Februari

Mzee ameondoka asubuhi. Mchana nimekwenda kwa daktari. Picha inaonyesha skrubu zipo mahali pake, mfupa haujahama. Ila kiungo kimevutika na kimekasirika. Aliuliza nimefanya nini. Nikasema bombani. Akauangalia mguu, akaniangalia mimi, akaandika.

Wiki nne bila zoezi lolote. Halafu tuanze upya, polepole.

Nimerudi nyumbani nikachukua kalenda. Zimebaki wiki chache mno. Nimeitupa kalenda chini ya kitanda.

Alhamisi, 20 Machi

Siwezi kutulia. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimepanga kabati mara mbili. Nimemgombeza Magesa kwa kutafuna karanga.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekimbia. Kutoka goli hadi goli, mara sita. Nilitaka kulia kwa furaha, nikajikaza.

Halafu nikaharibu. Zamani nilikuwa nikidaka mpira natua mguu wa kulia na kugeukia hapohapo. Leo mguu wa kulia uliogopa kabla yangu. Nikatua wa kushoto, nikayumba, nikaburuza mguu, na kuburuza ni kosa. Filimbi. Mara ya pili, filimbi. Mara ya tano nilimtolea refa macho, na refa mwenyewe ni Mwalimu wa Hesabu anayejitolea tu.

Madam Bhoke, kocha wetu, alinivuta pembeni. Senta ni Rhobi. Mimi nitakuwa wa akiba. Alisema kwa upole, na upole ndio ulioniudhi. Nimelia bafuni bomba likiwa wazi.

Jumapili, 27 Aprili

Tumegombana. Baada ya misa Magesa aliona nachechemea. Akasema niachane na netiboli, nina miaka thelathini na sita, nina watoto, na sijitunzi. "Mtu ametoka kupasuliwa anakwenda kujikwaa bombani. Ulikuwaga unaangalia wapi?"

Damu ikanipanda. Nikamwambia sikujikwaa. Nilipiga goti. Siku nne, asubuhi na jioni, kwa baba yako.

Alichukua ndoo. Akatoka nje akaosha pikipiki iliyokuwa safi.

Nimemwomba asimwambie mzee. Akaendelea kusugua tairi. Nimejuta kusema, na pia nimepata nafuu. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumatatu, 5 Mei

Natua mguu wa kulia. Mara nane kati ya kumi. Unauma, lakini ni maumivu ya kazi, si yale ya njiti. Nimeanza kuyatofautisha.

Habari mbaya jioni. Magesa anasema baba yake atakuja Bunda Jumamosi kutuangalia. Mzee huyu hajawahi kuangalia netiboli maishani mwake. Nimeuliza kwa nini. Magesa anasema hajui, na akisema hajui huwa anaangalia dari.

Kwa hiyo nitapiga goti Bunda, mbele ya walimu wa wilaya mbili, mguu ukiwa umetoka kukimbia. Najijua. Hata nikijiapiza, nitapiga.

Jumamosi, 10 Mei

Bunda. Upepo, vumbi, mistari ya chokaa imefutika nusu. Robo tatu za mwanzo nimekaa benchi nimekalia mikono yangu. Sasa najua inawekwa wapi.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili, kofia, fimbo, Magesa pembeni yake. Sikumwangalia sana.

Mwanzo wa robo ya nne Rhobi mwenyewe alinyoosha mkono. Pumzi imekwisha. Alivua kizibao akanivalisha kichwani. Tulikuwa nyuma magoli manne.

Mpira wa kwanza nilidaka nikatua wa kulia. Kidole kikashika. Nikageuka, nikatoa pasi. Baada ya hapo sikumbuki kidole. Nakumbuka Bhoke anapiga kelele jina langu. Tumefungwa kwa goli moja. Nimekasirika kama mtu mzima wa afya, nina hasira ya goli na si ya mguu.

Halafu salamu. Nilivuka uwanja kumfuata mzee. Nilifika mbele yake na magoti yakaanza kazi yao. Alinishika kiwiko kabla sijafika chini. Mkono wake una nguvu bado.

"Acha, mama. Magoti ya miaka tisa nilishapokea. Yanatosha."

Sikujua nitazame wapi. Akaendelea, polepole, kama anavyosalimia. "Mbona hukuniambiaga? Mimi nakaa pale na redio yangu, kumbe naumiza mtoto."

Akamtuma Magesa kreti tupu ya soda na kiti kingine. Akaniambia nikae, niweke mguu juu. Nilikaa. Mguu ukakataa. Walimu walikuwa wanatuangalia, na mbele yangu ni baba mkwe. Miaka thelathini na sita ya mafundisho ya mama na bibi imekaa kwenye goti langu.

Mzee aliliona hilo. Akainuka, akageuza kiti chake, akakaa amenipa mgongo, akaangalia uwanja ambao haukuwa na mtu. Akauliza goli moja linahesabiwaje.

Ndipo nikainua mguu. Nikamweleza magoli nikiongea na mgongo wake.

Jumapili, 11 Mei

Mzee amelala kwetu. Hatujaenda misa ya kwanza.

Nimeamka nikamkuta sebuleni na redio, sauti chini. Kiti chake amekigeuzia dirishani. Kigoda cha jikoni kipo mbele ya kochi. Magesa anasema si yeye aliyekiweka.

Mguu umevimba kidogo, kawaida. Nimekunja taulo mara thelathini, nikaongeza kumi.

Amenisalimia yeye kwanza, akiwa anaangalia nje. Nimeitikia nimekaa, mguu juu.