Rutebuka kwa R

Mengo, 6 Machi 2024

Mwanangu Benedicte,

Nakusalimu, wewe na watoto. Huko Mbarara mnaendeleaje? Hali yangu si ya kuulizwa tena. Figo zimekataa, na daktari ameacha kunidanganya.

Unakumbuka kila Ijumaa tulivyosimama uani, pale ofisini Bugolobi, tukiita kwa sauti majina ya wakimbizi waliopotezana na ndugu zao? Wafadhili wakasema ni ushamba, wakataka takwimu. Nikaagiza mfumo wa kompyuta. Wewe, fundi wetu, ukaniuliza, "Baba mkubwa, shirika hili lipo kwa kazi gani?" Nikajibu, kukutanisha watu. Ukasema, "Basi mfumo huu unajua kuhesabu, haujui kutafuta." Nilikukemea mbele ya wenzako, ukaondoka.

Mama yako, uliyepotezana naye ulipokimbia Congo, alifika Kampala, mwanangu. Alijiandikisha tawi letu la Bwaise. Karani, Muganda asiyetofautisha R na L, akaandika alivyosikia: Esperance Lutebuka. Wewe ulikuwa umemwandikisha kama anayetafutwa, kwa jina letu, Rutebuka. Masikio yangewakutanisha Ijumaa hiyohiyo. Kompyuta iliona watu wawili. Kila alipokwenda kuuliza, aliambiwa hakuna anayemtafuta. Taarifa zetu zilisifiwa sana mwaka ule.

Alifariki mwaka juzi. Nisamehe ukiweza.

Baba yako mkubwa,
Guerschom

Mbarara, 14 Machi 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Watoto wazima.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na bado sijajua nikae wapi. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwasha mishumaa ya mtu aliyekufa Congo, kumbe yuko mwendo wa saa chache kwa basi, anaambiwa hatafutwi.

Nina swali moja. Wewe ulijua lini?

Mwanao,
Benedicte

Mengo, 23 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu. Naandikia kitandani, vumilia mwandiko.

Nilitumaini hutauliza. Nilijua akiwa hai. Nilikuwa nasoma taarifa ya Bwaise kwa sauti, kama nilivyozoea, nikasikia jina la mke wa ndugu yangu likitoka kinywani mwangu. Wakaguzi wa wafadhili walikuwa njiani. Kumtangaza yeye kungekuwa kutangaza kwamba mfumo umeshindwa, na kwamba wengine kama yeye wamo humo. Nikasema, wakishaondoka nitamfuata. Walipoondoka niliona aibu: ningemwambia nini? Mvua zikaanza, maji ya mitaro yakaingia vyumbani huko Bwaise, akaugua tumbo. Habari za kifo chake nilizipata katika taarifa iliyofuata.

Wengine bado wamo. Sina tena nguvu ya kuita majina.

Njoo, hata kama ni kunitukana.

Baba yako mkubwa,
Guerschom

Bwaise, 2 Aprili 2024

Mzee Guerschom,

Nimekuja, lakini si kwako. Jirani yake mama, Mama Abalo, amenipeleka makaburini. Anasema kila Ijumaa mama alikuwa anavaa kitenge kizuri, anakwenda ofisini kwenu, anarudi, anakikunja tena.

Kwenye msalaba wameandika Lutebuka. Fundi rangi wa hapo aliniuliza kama airekebishe hiyo herufi. Nimemwambia aache. Hilo ndilo jina alilokuwa nalo akinisubiri.

Usiniandikie tena.

Benedicte Lutebuka