Ukumbi Haukatwi

Mjukuu wangu Salum, mume niliyebakiwa naye,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Shangazi yako amepona mguu. Paka wa babu yako bado analala mlangoni.

Unauliza kwa nini nakataa ukumbi ukatwe ili tupate chumba cha duka. Tulipojenga nyumba hii ya Kariakoo, miaka ya Ujamaa, fundi naye alitaka kuubana. Mama mkwe wangu, aliyetoka Rufiji, akasema nyumba za kwao hupimwa kwa kitanda. Kabla miti haijakandikwa udongo, akamlaza babu yako kitandani, wanaume wanne wakambeba kutoka uani kwenda barazani.

"Mama, mimi si maiti!" babu yako akacheka.

"Leo si maiti. Tulia, fundi aone."

Kitanda kikagonga nguzo. Nguzo zikang'olewa, zikasogezwa, babu yako bado anacheka.

Mwezi uliopita wewe ulikuwa mbali, hukuona. Jeneza lake lilipita ukumbini moja kwa moja. Halikuinamishwa, wala halikugusa ukuta.

Duka tafuteni pengine, wewe na baba yako. Ukumbi haukatwi. Nami nitapita humo humo.

Bibi yako,
Mwanahawa