Kola Iliyogeuzwa Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba wema mdogo ukishaushukuru umekwisha. "Tenda wema uende zako" — sawa, hayo ni ya mtenda. Aliyetendewa aende wapi? Huyo hakuna aliyemtungia methali.

Naandika haya kwa sababu ya sauti niliyoisikia leo nikishuka kununua mkate. Chini ya ngazi za jengo letu anakaa mama mmoja mshonaji na cherehani yake ya miguu. Tangu nihamie kwa mwanangu nampita kwa salamu tu. Leo alimwita mleta vifurushi: "We baba, kola yako inacheka!"

Nikashika ukuta.

Maneno yale yale! Nilikuwa kijana, nakwenda kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza ya ualimu. Shati moja tu, kola imelika mpaka nyuzi zinaning'inia. Msichana mshonaji aliyekuwa kibarazani akaniita kwa maneno hayo hayo. Akanivua shati mbele za watu, akaifumua kola, akaigeuza — upande uliolika ukaenda chini, mzima ukaja juu — akaishona, akaipiga pasi. Nilipoanza kushukuru akanifukuza. Nenda, wanakusubiri!

Kazi niliipata. Kama ni kwa majibu yangu au kwa kola, sijui hadi leo.

Jioni nikamsimulia mwanangu, ambaye ndiye msimamizi wa jengo. Akaweka kijiko chini. "Baba, yule mama anaondoka Jumatatu ijayo. Pale tunaweka mashine ya soda."

Mashine ya soda!

Jumanne, 4 Machi

Nimeshuka na shati langu la kijivu, kola yake imelika. Nilitaka kisingizio cha kukaa kwenye stuli ya wateja. Nikamweleza mama yote, kwa utaratibu, kama somo la darasani. Alisikiliza huku akihangaika kutia uzi kwenye sindano. Ulikataa, ukakataa, mwisho ukaingia.

"Ulilia siku hiyo, Mwalimu?"

"Sikulia."

"Basi siwezi kukukumbuka. Wanaolia ndio ninaowakumbuka."

Akacheka. Mimi sikucheka. Kumbe jambo nililolibeba maisha yangu yote, kwake lilikuwa kibarua cha asubuhi moja, kama vingine.

Anajua kwamba anaondolewa. Nikamuuliza atakwenda wapi. Kwa dada yake — chumba kimoja, wajukuu wamejaa tele. "Mimi nitaingia, cherehani haitaingia. Na mimi bila cherehani ni mdomo tu wa kulishwa."

Akalichukua shati.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezungumza na mwanangu tena. Anasema amemhurumia mama wa watu muda mrefu. Wateja wenyewe wa kuhesabu kwa vidole! Mashine haiugui, haikohoi, haichelewi.

Nikamwambia mtu hapimwi hivyo.

"Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu, Baba."

Nilimfundisha na mengine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo — aliyeitunga hiyo ningempata, tungekaa chini tukazungumza.

Ijumaa, 7 Machi

Shati limerudi. Kola imechakaa vile vile. Nikaisogeza dirishani ndipo nikaelewa: marehemu mke wangu alishawahi kuigeuza. Kola hugeuzwa mara moja tu. Ukiirudia, unarudisha juu kile kile kilicholika zamani. Mimi sikukumbuka, mama mshonaji hakuona.

Mshono wenyewe umenyooka kama uliopigwa rula. Nimelikunja, nimelisukuma ndani kabisa ya kabati.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kalikuta lile shati akipanga nguo. Nia yake njema — akauliza kama hili sasa liwe tambara la kufutia. Mwanangu, tukiwa mezani, akalipokea, akaitazama kola.

"Si ndilo ulilompelekea? Unaona mwenyewe! Hata kazi haiwezi tena."

Basi. Nilishuka kulipa fadhila, nikapanda na ushahidi wa kumfukuzia.

Nikamfafanulia habari ya kugeuza mara moja na mara mbili. Akanisikiliza kwa heshima. "Fundi mwenye macho angeona, Baba."

Ni kweli. Angeona.

"Na mimi nisiyeona bila miwani, mahali pangu mtaweka mashine gani?"

"Wewe ni baba yangu."

"Na yeye?"

"Yeye si mtu wetu."

Alisema kwa upole kabisa. Hapo ndipo paliponiuma. Angefoka, ningesema hasira imemshika. Mtu mzima, mpole, ameshiba, anasema mwenzake si wake, kisha anaomba apewe chumvi!

Mkwe akainuka ghafla akaenda kuosha vyombo ambavyo havijatumika.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi. Mashine imefika. Naiona kutoka dirishani, nyekundu, imefungwa nailoni kama bibi harusi asiyetakiwa. Wabebaji wawili wanauliza waiweke wapi. Mwanangu yuko nao, anaangalia saa.

Mama mshonaji hajafunga mzigo. Sauti ya cherehani inapanda ngazi — trrr, trrr — anamalizia suruali ya mtu.

Nimefungua mlango nisikie vizuri. Mbebaji mmoja anamwomba awapishe. "Ngojeni nimalize pindo, wanangu." Mwanangu anasema, haya, amalize.

Mkwe ameniletea chai. Na shati la kijivu amelitandika kitandani, pasi imepita, kola na nyuzi zake zote. Ametoka.

Pindo la suruali si refu.

Acha kalamu, mzee. Vaa shati hilo, shuka sasa hivi, kaa kwenye stuli ya wateja, usiinuke.