Shingo ya Trésor

Jumapili, 2 Machi 2003

Nimeshinda. Yule wa Kampala hakufika raundi ya pili. Watu walinibeba kutoka salle, ukumbi wa mapigano, mpaka barabarani wakiimba "Tolie! Tolie!" — jina la kazi yangu, kwa sababu nanyoosha bodi za magari kwa mzee Huseni, hapa Buyenzi. Mwanaume mmoja alikuwa analia kwa furaha. Nilimwangalia anavyolia. Mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu, nimeviacha wapi.

Tulimaliza saa kumi, ili watu wafike kwao kabla ya couvre-feu, saa ya kutotoka nje. Mama alinikanda shingo kwa maji ya moto. Akauliza ninaumwa wapi. Nikasema hakuna mahali. Hakuamini. Lakini ni kweli.

Jumatano, 5 Machi

Sylvère amekuja gereji. Zamani alikuwa afisa jeshini, sasa ni mfanyabiashara, ana nyumba Kigobe, na mechi zote za combat libre, mieleka ya kukabana, mjini huandaa yeye. Jeep nyeusi. Mafundi waliacha kazi kuitazama. Akasema Johannesburg wanataka mpiganaji mmoja kutoka Bujumbura. Mmoja tu! Pasipoti ataitengeneza yeye mwenyewe. Lakini kwanza mechi moja hapa, ya kuchagua.

Nikauliza, na nani?

"Na Trésor."

Nikaendelea kugonga mlango wa Corolla.

Ijumaa, 14 Machi

Trésor ni mtu wa Uvira. Alivuka mpaka mwaka wa tisini na nane, yeye na mke wake Fabiola, na mfuko mmoja. Miaka minne tunafanya mazoezi pamoja kwa Maître Idi, mwalimu wetu. Anaijua shingo yangu, nayajua magoti yake.

Leo tulikaa nyuma ya dojo, tunakula mihogo. Akasema: "Ndugu, tupigane ya kweli. Lakini mutu akipiga mukono, ata mara moja, mwenzake aachie. Mi niko na bibi."

Nikamwambia hiyo ni sheria, kupiga mkono ni kukubali kushindwa, kila mtu anajua.

"Sheria ni ya arbitre. Mi nakuuliza we."

Nikamwapia. Wallahi, nilisema. Akanipa kipande chake cha mwisho.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeshinda.

Jumapili, 13 Aprili

Niandike yote. Hakuna atakayesoma.

Raundi ya tatu niliipata shingo yake kutoka nyuma, mkono wangu wa kulia chini ya kidevu. Pale mechi ilikuwa imeisha. Ndipo bomu likalia upande wa milimani. Moja tu, mbali. Salle nzima ikageuka kuangalia mlango. Arbitre, mwamuzi wetu, naye akageuka.

Trésor akapiga mkono wangu. Nilisikia. Akapiga tena. Nilisikia. Mara ya tatu ilikuwa nyepesi, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Sikuachia.

Sijui kwa nini. Hasira sikuwa nayo. Nampenda Trésor. Nilikuwa nangoja — nini? Labda nilingoja kitu kisogee ndani yangu. Hakikusogea. Arbitre alipogeuka tena alinivuta mabega, nikafungua.

Trésor alizinduka baada ya muda kidogo. Alitaka kutabasamu. Midomo ilikwenda upande mmoja.

Jumanne, 15 Aprili

Hospitali. Mkono wa kulia hausogei. Mguu wa kulia unaburuta. Maneno yanatoka nusu. Daktari anasema mshipa wa shingo umeumia kwa ndani, damu haikufika vizuri kichwani. Ajali, akasema, ndiyo michezo.

Fabiola alinishika mkono. "Shemeji, usijilaumu. Ni bahati mbaya." Akanipa kiti chake, yeye akabaki amesimama. Nilikaa.

Trésor aliniangalia muda wote. Sikuona chuki. Ingekuwa rahisi zaidi.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimehojiwa redioni. Wakauliza najisikiaje kuwa bingwa. Nikasema najisikia vizuri, nashukuru Mungu na mashabiki. Kuna taksi imeandikwa TOLIE nyuma kwa rangi nyekundu. Muuza nyama amekataa nilipe.

Jioni Maître Idi alinizuia mlangoni pa dojo. Alinipokea nikiwa na miaka kumi na miwili, sina hata mkanda.

"Alipiga mukono," akasema.

Nikashusha begi chini.

"Mi sikugeuka. Mabomu nimeshasikia mengi. Niliangalia vijana wangu."

"Maître..."

"Apana. Usiniite ivyo tena."

Akanyoosha kiganja, nikaweka ufunguo wa dojo. Hakupaza sauti. Ufunguo ulimwanguka. Niliuokota, nikamrudishia.

Jumatano, 21 Mei

Fabiola anafanya kazi Kinindo, kwa Wazungu wa ONG, shirika la misaada. Wamempa chumba nyuma ya nyumba yao, na Trésor yuko naye huko. Nyumba kubwa, maua, kimya. Nimewapelekea mchele na samaki wa ndagala.

Trésor anajifunza kusema upya, kama mtoto. Leo amesema "maji". Fabiola akapiga vigelegele! Nilimshikia kikombe, akanywa, mengine yakamwagika kwenye shati langu.

Aliponisindikiza getini Fabiola alisema: "We unamujali kuliko ndugu zake wa damu." Nilisema asante. Nilisema asante!

Alhamisi, 19 Juni

Pasipoti iko kwa Sylvère. Kila nikiuliza, wiki ijayo. Ninapongoja, nasimama kwenye geti lake Kigobe nimevaa koti alilonipa. Wageni wanapiga picha na mimi.

Leo asubuhi akasema twende Gasenyi, kuna kazi ndogo. Nyumba ambayo haijaisha kujengwa, haina hata madirisha. Ndani, mtu amekaa kwenye kiti. Dereva wa taksi. Wanasema anawapelekea waasi dawa. Wanaume wawili wamesimama naye.

Aliponiona uso ukamfunguka. "Tolie! Mungu asifiwe! Tolie, waambie. Mi ni mutu wako, sijakosa mechi yako ata moja!"

Sylvère akasema: "Mukabe kidogo tu. Ataongea."

Nikamkaba.

Akapiga mkono wangu, kama alivyoona watu wanafanya salle. Mara moja. Nikaachia.

"Nani amekuambia uachie?"

"Amepiga."

Walicheka wote watatu. Sylvère akafuta macho kwa kicheko. Hapa si mchezoni, akasema, kaba.

Nikavua koti, nikaliweka kwenye ukingo wa dirisha, nikatoka. Nilitembea kwa miguu kutoka Gasenyi mpaka Buyenzi, jua la saa saba. Nyuma yangu sikusikia kitu. Nilikuwa nakwenda haraka.

Dereva nilimwacha pale. Niliandike na hilo. Nilimwacha pale.

Jumapili, 22 Juni

Shoferi wa Sylvère amekuja mara mbili. Mama amemwambia niko Rumonge. Mzee Huseni ametuma neno: mwanangu, usije gereji kwa sasa.

Nalala. Naamka. Nakula kinachowekwa mbele yangu.

Jumatatu, 7 Julai

Bunduki tangu alfajiri, upande wa kusini. Waasi wameingia Musaga. Saa nne wakasema Kinanira. Saa sita wakasema Kinindo.

Watu wanafika na magodoro kichwani. Mwanamke mmoja amebeba mlango. Mlango mzima, na kitasa chake. Nimemuuliza kila anayetoka Kinindo. Hakuna aliyewaona Trésor na Fabiola.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda Kinindo. Mama alishika shati langu, likachanika, nikaenda nalo hivyo hivyo.

Wazungu walishaondoka tangu jana na gari. "Nafasi iliisha," Fabiola akasema. "Wamechukua mbwa." Alikuwa amemvuta Trésor chini ya kitanda, wamelala humo usiku mzima. Ukuta wa jikoni una tundu la kupita kichwa.

Nilimbeba mgongoni. Amekonda, lakini mguu usiosaidia ni mzito. Mkono wake wa kushoto ulizunguka shingo yangu na kushika. Pumzi yake sikioni. Fabiola mbele, na sufuria na mashuka. Risasi zikikaribia tunaingia mtaroni, zikinyamaza tunatoka.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabara, askari mmoja alinitambua. "Tolie! Unabeba nani?"

"Rafiki yangu."

Akamwinamia, akamwangalia vizuri. "Si ni ule ulimushinda?" Akawaita wenzake waje waone. Wakapiga makofi! Wakatupisha, wakasema we ni mwanaume kweli.

Tangu pale magoti yangu yalianza kuuma. Halafu mgongo. Nilipomshusha kwenye mkeka wa Mama nilikuwa naumwa kila mahali.

Ijumaa, 11 Julai

Bado wanapigana huko kusini, lakini leo ni mbali zaidi. Mama ameenda kutafuta mkaa.

Nimemwambia Fabiola. Sikupanga. Alikuwa anachagua maharagi kwenye ungo, Trésor ameegemea ukuta, na Fabiola alikuwa ananiombea dua. Dua za kwao, za kikristo. Kwamba Yesu anilipe kwa ile njia ya Kinindo niliyombebea mume wake. Nikasema, Shemeji, acha. Nikasema: alipiga mkono, nilisikia, sikuachia.

Aliweka ungo chini.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na ulisikia zote."

"Zote."

Akamgeukia Trésor. "We ulijua kama alisikia?"

Trésor alihangaika na mdomo wake. Tulingoja wote wawili. "Nili... jua."

"Na umenyamaza. Mi namupa kiti, namupa chai. Umenyamaza."

Alichukua ungo tena. Hakulia, hakunitukana. Vidole vyake vilikuwa vinatupa mawe nje, na maharagi mazuri pia, vyote pamoja. Nikasema sina sababu ya kumpa. Nimeitafuta, hakuna. Akasema: "Nyamaza. Tafazali."

Nimekaa kona na daftari hili kwa sababu sijui mikono yangu iende wapi.

Jeep. Naijua sauti yake. Imesimama kwetu, haijazima. Ua huu una mlango mmoja tu.

Fabiola ametoka kabla sijainuka. Ni yule shoferi. Anaongea kwa adabu, anamwita Fabiola "mama". Anasema mukubwa anamutafuta Tolie, kuna mambo ya pasipoti, ni maneno ya dakika mbili. Tolie yuko?

Fabiola amesimama mlangoni.

Nasikia nzi kwenye ungo. Trésor ananitazama.

"Ngoja kidogo," Fabiola anamwambia. "Niulize bwana wangu."

Amerudi ndani. Amepita mbele yangu bila kuniangalia. Amepiga magoti kwa Trésor, amemuuliza, "Nimuambie yuko?", ameweka sikio karibu na mdomo wake, na sasa anangoja neno litoke —