Wifi, Ule Haukuwa Uvivu

Wifi yangu Gati,

Nina maswali ambayo ni wewe tu ungeyajibu. Wewe ulianza kuumwa wapi, miguuni au machoni? Mimi nilianza mikononi.

Tangu utuache, nami nimepasuliwa goita. Nina kovu shingoni kama lako, na mama yako ananitania kwamba kampata binti mwingine. Nikapewa vidonge kama vyako, kimoja kila asubuhi kabla ya uji, ila vyangu vilikuwa vyeupe. Nikavizoea. Halafu nilipokwenda Mugumu kuchukua vingine nikapewa vya manjano. Jina lile lile, kipimo kile kile, kiwanda tofauti. Nikameza bila wasiwasi.

Wiki ya tatu moyo ukaanza kunienda mbio nimekaa tu. Jasho asubuhi ya baridi. Nikawagombeza kuku, wifi, kuku! Ndugu yako akahamia upande wa pili wa kitanda kwa jinsi nilivyokuwa nagaagaa.

Bado mimi ndiye karani wa shamba la ujamaa, si unanijua na daftari langu. Siku moja nikaona mwandiko wangu unatetemeka. Nikataka kujua umeanza lini, nikawa nafunua kurasa kurudi nyuma, na udadisi huu ukanipeleka mbali kuliko nilivyotaka. Nikafika kwenye jina lako.

Yupo, yupo, yupo, msimu mzima wa pamba. Kisha hayupo, mara kumi na moja. Na kwenye safu ya sababu, kwa mkono wangu mzuri ambao ulikuwa bado hautetemeki: uvivu. Uvivu. Uvivu.

Nikakumbuka. Majuma machache kabla ya hapo nilikwenda Mugumu kufuata majembe ya kijiji, nikakuletea na vidonge vyako. Wewe ulizoea vya manjano, nikakuletea vyeupe. Ulivimwaga kiganjani ukavitazama. "Wifi, hivi si vyangu." Nikakujibu, "Dawa ni dawa, meza."

Ukameza kwa sababu ni mimi niliyesema. Baada ya hapo ukawa unajifunika blanketi juani, saa sita mchana, sauti imekuwa nzito, uso umevimba, unasinzia na kijiko mkononi. Nami nikakusomea jina mbele ya mkutano wa kijiji. Ukaongezewa kipande cha kulima, ukakilima ukiwa umekaa chini. Naona aibu, Gati.

Nilimpelekea daktari vichupa vyote viwili pamoja na daftari. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko alivyonipima. Akasema inatokea: jina ni moja, lakini kidonge cha kiwanda kimoja mwili unaweza kukipokea zaidi ya cha kingine. Wewe ulitoka kwenye chenye nguvu ukaingia kwenye hafifu, mimi nikapita njia hiyo hiyo kinyume. Kanipunguzia kipimo, kasema kila vikibadilika nirudi kupimwa. Mikono imetulia, kama unavyoona kwenye barua hii.

Nilimuuliza pia kama malaria iliyokupata baada ya hapo ingekuchukua hata kama mwili wako usingekuwa umechoka hivyo. Akasema hajui. Nami sijui, na swali hili nadhani nitazeeka nalo.

Mwanao karudi juzi kutoka shule analia, kaitwa mtoto wa mvivu. Hilo neno wamelitoa kwangu. Nilimwendea mwenyekiti kuomba jina lako lisahihishwe, akaniambia msimu ule umeshafungwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyeuandika, nitaufungua. Akanipa nafasi kwenye mkutano wa Jumamosi.

Nimeshakata neno lile mara kumi na moja. Juu yake nimeandika: mgonjwa. Jumamosi nitasimama niusome ukurasa wote, mwanao akiwa kando yangu, nami nitasema nani alikuletea vidonge na nani aliandika. Nakuahidi sitasoma kwa sauti ya chini.

Kwaheri, wifi yangu. Lala. Lala unavyotaka, hakuna anayeandika.

Ni mimi wifi yako,
Robi