Chupa Hufunguliwa Mbele ya Mgeni

Mjukuu wangu Keza,

Huku Gisenyi sote wazima, na babu yako bado anagombana na kuku wa jirani. Lakini wewe! Eti sasa unasimamia mikahawa yetu yote mitano! Niliposoma habari hiyo nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Unauliza biashara nilifundishwa na nani. Miaka ya tisini ilikuwa inakatika, tumerudi kutoka Tanzania, nikafungua mkahawa wa chumba kimoja karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma. Sambaza zangu za kukaanga, vile visamaki vya Ziwa Kivu, zilinukia hadi mpakani! Watu walizila zote, lakini soda na bia waliziacha zimejaa, na wengi hawakurudi. Nikaanza kufikiria kufunga.

Ndipo mteja mmoja, Mama Furaha, mchuuzi wa Goma, akanivuta kando.

“Mama, chupa unafunguliaka kule jikoni sababu ya nini? Hapa watu wanaogopaka sumu, mutu anakunywaka kitu yenye ameona inafunguliwa. Na hii vita yote tumetoka, bon, nani atakuamini?”

Kumbe! Mimi nilidhani kumletea mgeni chupa iliyo tayari ndiyo heshima. Nikakamata kifungulio, nikaingia katikati ya meza, nikafungua chupa mbele ya macho yao, pwaa! pwaa! Watu wakacheka, wakanywa, wakaagiza tena. Nilitamani kucheza!

Basi siku utakayofungua mkahawa wa sita, nakuja na basi la kwanza. Niwekee soda yangu mezani. Ila hata kama ni wewe, Keza wangu, usiifungue kabla sijakaa.

Bibi yako,
Mukamana